Bima ya maisha kwa aliye ughaibuni: mwongozo kwa watu wa Moshi na Arusha

Jirani yetu wa Kibosho alifiwa na mwanawe aliyekuwa akiendesha malori Marekani. Usiku uleule kundi la WhatsApp likafunguliwa, kamati ikapata mwenyekiti na mweka hazina, michango ikaanza kuingia. Baada ya karibu wiki tatu mwili ulitua KIA, tukazika kihambani, watu wakatawanyika. Miezi minane baadaye kijana aliyekuwa akiishi na marehemu alikuwa anahama nyumba. Akafungua boksi la viatu, akakuta karatasi ya bima ya maisha: dola 75,000, mnufaika mama mzazi. Mama hakuwa na habari hiyo. Na hata baada ya kupata habari alisubiri sana, maana jina la ukoo kwenye bima lilikuwa na s moja, na kwenye kitambulisho chake cha NIDA zipo mbili.

Tangu hapo nimekaa na familia kadhaa kujaza fomu za namna hii. Nyingine zimelipwa, nyingine tumefunga faili. Bima inakatwa Houston au Muscat, lakini anayekuja kuidai ni mtu wa Machame, Marangu, Sakina au Usa River, ambaye hajawahi kuongea na kampuni hiyo hata mara moja. Kwa hiyo wewe uliyeko huko, soma hatua hizi ukimfikiria yeye.

Kwanza: tenganisha mwili na pesa

Watu wengi huamini kwamba mwenye bima ya maisha, mwili wake utarudishwa na kampuni. Sivyo. Bima ya maisha hulipa fedha kwa mnufaika baada ya kifo kuthibitishwa, na uthibitisho huo huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Mochwari ya huko haitasubiri. Kuurudisha mwili kunahitaji cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili kwa dawa, barua kwamba hakuna ugonjwa wa kuambukiza, pasipoti ya marehemu, barua ya ubalozi wetu, na jeneza lenye bati ndani linalokubalika kwenye ndege. Gharama yake ni maelfu ya dola, na inatakiwa mkononi ndani ya siku chache.

Sisi watu wa huku kuzika ugenini ni jambo zito. Mchagga anataka kulala kihambani, karibu na migomba ya babu yake. Basi hilo liandalie fungu lake. Vyama vingi vya Watanzania huko nje vina mfuko wa msiba. Jiunge, lipa ada kwa wakati, usome katiba inasemaje kuhusu mwanachama aliyechelewa. Kama hakuna chama, tafuta bima inayotaja wazi kusafirisha mwili. Baadhi ya bima za afya na za safari zina kipengele hicho, ila bima ya safari hukatwa kwa msafiri wa muda, na mtu aliyehamia kabisa anaweza kukuta haimhusu.

Na usisahau upande wa pili. Wewe uliyeko huko unaweza kumkatia mama au baba bima ya msiba hapa nyumbani, zile zinazoitwa mkono wa pole. Fedha yake ni ndogo, lakini hutolewa haraka, na itakuokoa usikope tiketi ya ghafla ya kurudi kuzika.

Pili: kagua ulicho nacho kazini tayari

Kabla ya kununua chochote, nenda ofisi ya utumishi uulize swali moja: nikifa nikiwa mwajiriwa, familia yangu inalipwa nini na nani ameandikwa kupokea? Utashangaa. Waajiri wengi Uingereza hutoa malipo ya kifo kazini, mara nyingi kati ya mara mbili na mara nne za mshahara wa mwaka. Marekani ni kawaida kupewa bima ya kikundi ya mshahara wa mwaka mmoja au miwili. Wapo ndugu zetu waliojaza fomu hiyo siku ya kwanza ya kazi, kati ya karatasi ishirini, wakamwandika rafiki waliyekuwa wanaishi naye chumba kimoja. Miaka kumi imepita, wana mke na watoto, na jina la rafiki bado liko pale.

Uingereza kuna jambo la kuangalia hapo: fedha ya kifo kazini mara nyingi iko mikononi mwa wadhamini wa mfuko, na wewe unajaza fomu ya matakwa yako tu. Wadhamini huifuata kwa kawaida, lakini hawalazimiki. Usipoijaza, wao ndio wataanza kutafuta nani ni nani katika ukoo wenu.

Kwa walioko Ghuba, hasa wa kazi za nyumbani, usichanganye kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba na bima ya maisha. Kabla ya kuondoka, mkataba uliopitia kwa wakala aliyesajiliwa na unaotambuliwa na TaESA, huduma ya ajira ya serikali yetu, usomwe mstari kwa mstari: ajali nani analipa, ugonjwa nani analipa, mwili nani anaurudisha. Dada akienda kwa njia za panya, hakuna karatasi ya kushika siku ya shida.

Ubaya wa bima ya kazini ni kwamba inakufa na kazi. Ukiacha au ukiachishwa, kinga imekwisha. Marekani mara nyingi unapewa siku 31 za kuigeuza kuwa bima yako binafsi bila kupimwa afya upya, kwa ada kubwa zaidi. Kama una sukari au presha, siku hizo 31 ni dhahabu. Uliza kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Tatu: piga hesabu kwa shilingi

Wakala wa bima wa huko atakuuliza mshahara wako, atauzidisha mara kumi, atakupa jibu. Hesabu hiyo haimjui mama yako. Chukua daftari, andika kinachotoka mfukoni mwako kuja Tanzania.

Tuseme unamtumia mama 400,000 kila mwezi za dawa na matumizi. Kwa mwaka ni milioni 4.8, kwa miaka kumi ni milioni 48. Unasomesha watoto wawili kwa milioni 3.5 kila mmoja kwa mwaka, na wamebakiza miaka minane: milioni 56. Nyumba ya Njiro imefika kwenye lenta, kumalizia weka milioni 40. Mkopo wa SACCOS milioni 15. Jumla milioni 159. Kwa shilingi 2,600 kwa dola, hiyo ni kama dola 61,000. Ongeza madeni ya huko, tuseme gari na kadi za benki dola 20,000. Umefika 81,000. Mimi ningekata bima ya 100,000, kwa sababu sijawahi kuona shule inayoshusha ada.

Utaona nimebadilisha kuwa dola. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,650. Mwaka 2024 ikapita 2,600. Bima ya shilingi milioni 30 iliyokuwa na thamani ya zaidi ya dola 18,000 ikashuka chini ya 12,000 huku karatasi ikiwa ileile. Kama kipato chako ni cha fedha za kigeni, kinga kubwa ikae kwenye fedha hizo.

Nne: chagua aina

Bima ya muda maalumu hukukinga kwa miaka unayochagua, mfano 20. Ukifa ndani yake wanalipa, ukiwa hai muda ukiisha hupati kitu. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo ninayomshauri karibu kila mtu mwenye watoto wadogo. Watu wetu huinung'unikia: "Yaani nilipe miaka 20 nisirudishiwe hata senti?" Mlinzi wa usiku naye unamdai akurudishie mshahara kwa sababu mwizi hakuja?

Bima ya maisha yote na bima yenye akiba ndani yake ni ghali zaidi, na akiba hiyo hukua polepole kwa sababu kamisheni na makato hutangulia. Ukivunja mkataba mapema, unaweza kurudishiwa pungufu ya ulichoweka. Kwa Waislamu ipo takaful, ambapo wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana bila riba; huko Ghuba ni jambo la kawaida, na Tanzania nayo ipo. Uliza mapema kama jina unaloandika ni la mpokeaji mwenyewe au la mtu wa kugawa kwa warithi kwa utaratibu wa mirathi ya Kiislamu. Majibu hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Tano: ukate wapi

Kampuni nyingi za Uingereza na Marekani hukukatia bima ukiwa mkaazi wa huko, na fomu huuliza hali yako ya ukaazi. Jibu kama ilivyo. Faida ya huko ni ulinzi: Uingereza, kampuni ya bima ikifilisika, mfuko wa fidia uitwao FSCS hulinda bima ya maisha kwa asilimia 100, Marekani kila jimbo lina chama cha dhamana, na majimbo mengi hulinda malipo ya kifo hadi dola 300,000. Mkataba ukikufikia una siku za kubadili mawazo na kurudishiwa fedha. Uingereza ni 30, Marekani ni 10 au zaidi kulingana na jimbo.

Swali la kuuliza kabla ya kusaini, na ulipate jibu lake kwa maandishi: nikirudi kuishi Moshi, bima inaendelea? Kwa mikataba mingi ya muda maalumu inaendelea mradi ada inalipwa. Tatizo huwa benki. Mtu anarudi, anafunga akaunti ya huko, malipo yanarudi bila kulipwa, siku za nyongeza ambazo mara nyingi ni 30 au 31 zinapita, mkataba umekufa. Acha akaunti moja wazi yenye fedha ya ada ya mwaka mzima.

Ukiamua kukata hapa nyumbani, lipo Shirika la Bima la Taifa lililoanzishwa mwaka 1963, zipo kampuni binafsi, na mabenki huuza kama mawakala. Hakikisha kampuni na wakala wote wamesajiliwa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, na ulipe kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si kwenye simu ya wakala. Uliza pia kama mkataba unamkubali mtu anayeishi nje, na vipimo vya afya utafanyia wapi.

Sita: fomu ya afya, sema kweli

Hapa ndipo madai mengi huharibikia. Marekani kampuni ina miaka miwili ya kwanza ya kuchunguza ulichojaza. Ukifa ndani ya kipindi hicho wataomba mafaili ya hospitali, na wakikuta ulificha presha, sukari au sigara, wanaweza kukataa kulipa. Uingereza sheria ya mwaka 2012 inakutaka uwe makini usitoe taarifa za uongo. Kujiua ndani ya mwaka mmoja au miwili ya kwanza kwa kawaida hakulipwi.

Anayeishi na VVU asijifiche. Siku hizi baadhi ya kampuni humkatia bima mtu anayetumia dawa vizuri, kwa ada ya juu zaidi. Aliyeficha analipa ada nafuu kwa ajili ya karatasi isiyo na nguvu.

Na kuna swali ambalo sisi wa huku hulipitia haraka: je, unapanda milima? Mtu akija likizo ya Desemba, marafiki wa kazini wanataka kufika Uhuru, mita 5,895. Kwako ni mlima wa nyumbani, unaouona ukifungua dirisha. Kwa kampuni ya bima ni mchezo wa hatari. Kama unapanga kupanda, uliza kwanza.

Saba: mnufaika

Nitakaa hapa kidogo.

Ukiandika jina la mnufaika, Marekani fedha kwa kawaida humfikia moja kwa moja bila kupita kwenye mirathi; Uingereza mara nyingi hilo hutaka bima iwekwe kwenye amana, nitakayoieleza hapa chini. Usipoandika, au uliyemwandika akitangulia kufa, fedha inaingia kwenye mali ya marehemu, na hapo ni mahakama: kikao cha ukoo, muhtasari, msimamizi wa mirathi, matangazo, kisha kuishawishi kampuni ya nje iitambue hati ya mahakama yetu. Mwaka unaweza kupita. Kwa hiyo andika mnufaika wa kwanza na wa pili, kwa asilimia.

Kwa mke, jambo hili lina uzito wake. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 halimpi mjane urithi wa mumewe kama mrithi. Nimekaa kwenye vikao vya kumaliza matanga ambapo mjane hakuulizwa hata swali moja. Bima yenye jina lake haiingii kwenye kikao hicho. Shemeji anaweza kuja na mwenyekiti wa ukoo. Barua ya kampuni inamtaja mama watoto. Kama ndoa yenu ni ya kimila na haijasajiliwa, bado mwandike kwa jina lake kamili, usiandike "mke wangu", maana hapo kampuni itaomba cheti cha ndoa. Ukiishi Texas au California, fahamu kwamba mwenzi wa huko anaweza kudai sehemu ya fedha kwa sheria za mali ya ndoa, hata kama umemwandika mama.

Mtoto wa chini ya miaka 18 usimwandike peke yake. Kampuni haitampa mtoto fedha mkononi. Itasubiri mlezi aliyeteuliwa na mahakama, na mlezi huyo anaweza kuwa yule baba mdogo usiyemwamini na mbuzi. Weka amana (kwa Kiingereza trust), yaani fedha ishikwe kwa niaba ya mtoto na mdhamini mtu mzima unayemchagua mwenyewe. Uingereza kampuni nyingi hutoa fomu ya amana bure, na ina faida nyingine: fedha kwa kawaida haihesabiwi kwenye kodi ya mirathi, ambayo ni asilimia 40 juu ya pauni 325,000 za mali.

Sasa majina. Mwombe kila mnufaika picha ya kitambulisho cha NIDA au pasipoti, unakili herufi kwa herufi. Jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la ukoo lenye s mbili, vyote. Kama cheti cha kuzaliwa na NIDA havifanani, mpeleke kwa wakili akaape kiapo cha majina sasa hivi, au asajili hati ya kubadili jina. Andika tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, na uhusiano. Ukiachana na mwenzi, ukioa, ukizaa, ukifiwa, badilisha fomu wiki hiyohiyo; wosia uliouandika baadaye kwa kawaida haufuti jina lililo kwenye bima.

Nane: karatasi zije nyumbani

Tengeneza bahasha moja. Ndani: nakala ya ukurasa wa kwanza wa mkataba wenye jina la kampuni, namba ya mkataba na kiasi, simu na barua pepe ya idara ya madai, jina la mwajiri na ofisi ya utumishi, jina la rafiki mmoja wa huko anayeaminika, nakala ya pasipoti yako. Bahasha ya pili ikae kwa mtu mwingine, dada aliyeko Arusha kama mama yuko Rombo. Kuna wanaoogopa kwamba ukitaja bima unajitabiria kifo, au kwamba ndugu watakutamani ufe. Kiasi unaweza kukificha. Jina la kampuni na namba ya mkataba usifiche.

Desemba, barabara ya kutoka Dar ikishajaa na watu wakishafika, kabla ya ndafu, kaa na mwenye bahasha nusu saa. Soma majina kwa sauti.

Tisa: siku ikifika

Aliyeko huko aombe nakala nyingi za cheti cha kifo zilizothibitishwa; Marekani omba kumi. Kama sababu ya kifo imeandikwa kwamba bado inachunguzwa, kampuni huenda ikasubiri cheti cha mwisho, na hilo lisiwatie hofu. Cheti cha Kiarabu kitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, kigongwe mihuri ya huko na ya ubalozi kabla mtu hajakileta, maana ukiwa Moshi kuifuata mihuri hiyo ni safari.

Mnufaika aiandikie kampuni akitaja namba ya mkataba na kuomba fomu za madai. Atatakiwa fomu, cheti cha kifo, kitambulisho na taarifa za benki pamoja na msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki yake kwa fedha za kutoka nje. Marekani watamtumia pia fomu ya W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba si mlipakodi wa kwao. Ajaze bila hofu. Fedha ya kifo yenyewe kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato huko, ila riba iliyolimbikizwa wakati wa kusubiri inaweza kutozwa. Mihuri ya nakala apate kwa wakili.

Kama familia inahisi bima ilikuwepo lakini haina karatasi, Marekani kuna huduma ya bure ya NAIC, chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo, ya kutafuta bima ya marehemu kwenye kampuni zinazoshiriki. Pekueni pia taarifa za benki: makato ya kila mwezi yenye jina la kampuni ya bima yatawaonyesha njia.

Kampuni ikikataa, dai sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba. Uingereza malalamiko hupelekwa bure kwa msuluhishi wa huduma za fedha, Marekani kwa idara ya bima ya jimbo, na kwa bima iliyokatwa Tanzania yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Akija mtu wa kati anayesema "tuma milioni mbili kwanza faili lisogee", ni tapeli. Hakuna kampuni ya bima inayomtoza mnufaika ili imlipe.

Fedha ikiingia, benki ya Moshi itauliza imetoka wapi, na ni haki yao kuuliza. Barua ya malipo kutoka kwenye kampuni ndiyo jibu, kwa hiyo iombe hata kama hawakuituma, na nakala yake irudi kwenye bahasha ileile.